Land Rover haiozi? Piga magoti uchungulie chini

Jumapili tena mzee wangu mmoja kaja uani hapa Isevya, kakuta bodi la Land Rover yangu 109, ile ndefu, limeegemezwa kwenye mwembe na chasisi iko juu ya magogo, akasema "kijana unajitesa bure, Land Rover haiozi hiyo, aluminiamu tupu." Nilimpa shikamoo na kiti, sikubishana. Ila nimechoka kuisikia hiyo kauli, maana kuna watu wananunua magari yaliyooza kwa kuiamini.

Aluminiamu ni ngozi tu. Gari lilipoanza kutengenezwa Uingereza 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, aluminiamu ndo ilikuwepo, wakavisha bodi. Chasisi ni chuma. Ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Fremu za milango, chuma. Na hizi Series III, toleo la tatu la Land Rover, zilitoka 1971 mpaka 1985, kwahiyo hata ile changa kabisa piga hesabu mwenyewe.

Halafu wanasema huku Tabora hatuna bahari kutu itoke wapi. Jamani, chasisi ni boksi la mabati yaliyochomelewa, ndani tupu, tope la njia za Sikonge linaingia kwenye matundu linakaa humo, mvua zinakata we unaona vumbi nje kumbe ndani bado pabichi. Inaoza toka ndani kuja nje, ukishaona katundu ujue huko ndani bati limeshaisha. Chukua nyundo gonga urefu wote, hasa boriti ya nyuma na pale springi zinaposhikia, chuma kizima kinalia, kibovu kinajibu puu na nyundo inazama.

Sasa hii ndo inayoniuma. Hiyo aluminiamu yenyewe inaliwa! Ikigusana na chuma halafu maji yakaingia katikati inakuwa kama betri, na kwenye betri hiyo anayeliwa ni aluminiamu, ndo ule unga mweupe na rangi kufura chini ya mlango. Waliolitengeneza walilijua hilo, zile pindo za chuma juu ya bodi walizichovya zinki, zinki inakubali kuliwa kwanza kabla ya mwenzake. Anakuja fundi na grinda, anaiona imefifia, anaikwangua mpaka chuma kinang'aa, anapiga puti na rangi, mwenye gari anashangilia. Umeshaivua kinga yake! Mi nasugua kwa brashi na sabuni basi, na kila chuma kinapokutana na aluminiamu naweka praima, ile rangi ya kwanza ya kinga, pande zote mbili na kipande cha mpira wa tyubu katikati, riveti natumia za aluminiamu.

Kuchomelea: toa tenki la petroli kabisa, chomoa betri na oltaneta, na kabla hujakata chochote pima chasisi kona kwa kona, vipimo viwili vilingane. Kufunga upya, ule ukuta wa mbele usikaze bolti zake mpaka milango yote miwili imening'inizwa na inajifunga yenyewe, ukikaza mapema utakuja kulaumu bawaba.

Nisichotulia nacho ni oili chafu. Namimina ndani ya chasisi kila kiangazi, kutu imepungua, hilo naliona, lakini inachuruzika mpaka kwenye bushi za springi na mpira unalainika, mwaka jana nilibadilisha mbili kabla ya muda wake. Na viraka pia. Nilivyochomelea upande wa kushoto nilikwangua mpaka nikafikia bati safi, ila upande wa ndani nyundo haifiki wala brashi haifiki, kwahiyo nimefunika kitu ambacho sikukiona. Nawaza kukata tena kipande hicho chote na kuweka boksi jipya toka springi mpaka nyuma, na bodi likae kwenye mwembe mwaka mwingine.