Ramani ni ya bara, mvua ya mawe ni ya Isyonje

Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kabla sijatazama Mbeya, naanza na ramani ya Afrika yote ya kusini, kutoka Congo mpaka Msumbiji. Karibu kila asubuhi imejaa madoa mekundu: hewa ya joto na unyevu, tayari kupanda. Mgeni akiiona atadhani jioni bara zima litapigwa radi. Lakini Januari hapa Nyanda za Juu Kusini hewa iko hivyo siku nyingi tu, kwa hiyo wekundu peke yake haunisaidii. Natafuta leo imetofautianaje na jana.

Tofauti hiyo mara nyingi inatoka mbali. Upepo ukigeuka wa magharibi, unatuletea unyevu wa misitu ya Congo. Kimbunga kikikaa kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji kinaweza kuuvuta zaidi, ndiyo maana nafuatilia hata vimbunga ambavyo havitakanyaga ardhi yetu.

Kazi hii hakuna nchi inayoifanya peke yake. Mwaka 2006 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mpango wa kutabiri hali mbaya ya hewa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwamo tangu mwanzo pamoja na Botswana, Madagaska, Msumbiji na Zimbabwe. Vituo vikubwa vya dunia vinatoa modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga anga, kituo cha Pretoria, Afrika Kusini, kinatoa mwongozo wa siku 5, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaamua: angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Mpango mzuri. Ugumu unaanza unaposhuka kutoka bara kuja bondeni.

Modeli ya dunia ya kituo cha Ulaya inaigawa dunia vipande vya kilomita 9 hivi. Kwa vipande hivyo, mlima Loleza na jiji lililo chini yake vinakuwa mteremko mmoja laini. Wingu la radi lililo dogo kuliko kipande modeli hailioni, inalikisia kwa fomula, na fomula hizo hazina subira: zinamwaga mvua saa 6 mchana wakati kwetu mara nyingi inapasuka kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Nalazimika kuisogeza mbele kwa mkono. Dada mmoja muuza mitumba wa Mwanjelwa huwa ananiuliza jambo moja tu: "Kaka, turubai nifunike saa ngapi?" Kwa mtabiri, hilo ni swali gumu kuliko "itanyesha?"

Sasa mawe. Katika ukanda wa tropiki hewa hufikia nyuzi 0 kwenye kimo cha karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Jiwe linaloangukia Dar es Salaam linapita karibu kilomita 5 za hewa inayoliyeyusha. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi, kwa hiyo zinabaki kilomita 3 na kitu. Isyonje, njia ya kwenda Kitulo, iko juu zaidi, na viazi vinaweza kuchanwa majani siku ambayo Kyela, kule chini ufukweni mwa Nyasa, wanapata maji matupu kutoka kwenye wingu lenye nguvu ileile. Hewa ya katikati ya anga ikiwa kavu ndiyo mbaya zaidi: matone yanayoipita yanageuka mvuke na kuipoza, mawe yanafika chini yakiwa mazima.

Afrika Kusini wana shida nyingine. Kule pepo hubadilika sana kadiri unavyopanda juu, na wingu moja linaweza kutembea kwa saa kadhaa. Kwetu badiliko hilo kwa kawaida ni dogo. Mvua inaposhuka inaikata hewa iliyokuwa inapanda, na ndani ya saa moja hivi wingu limejimaliza. Watu wanayacheka maneno "baadhi ya maeneo". Mimi nayatetea: mvua ya namna hii, hapa hapa jijini Mbeya, inaweza kulowesha Uyole na kuiacha Iyunga kavu.

Ikifika mchana naiacha modeli, nahamia kwenye setilaiti. Meteosat ya kizazi cha 3 inapiga picha ya Afrika kila dakika 10, mahali pa 15 za zamani, na inanasa mimweko ya radi. Kilele cha wingu juu ya milima ya Uporoto kikipoa ghafla kati ya picha mbili, naandika taarifa ya saa 2 zijazo, na humo nataja kata badala ya mkoa.