Kwa nini kasuku anatafuna pilipili bila kulia, lakini avoka laini inaweza kumuua?

Kuna swali nililolijibu vibaya kwa miaka mingi, na kwa uhakika kabisa. Mezani kuna pilipili na kuna avoka (ndivyo tunavyoliita parachichi hapa Goma). Umnyime kasuku kipi? Ningesema pilipili, na nadhani watu wengi wa mtaani kwetu wangesema hivyo hivyo.

Mama yangu mkubwa alikuwa na kasuku wa kijivu aliyeletwa kutoka upande wa Walikale. Siku moja, nikiwa mtoto, nilimpa pilipili nyekundu. Aliishika kwa mguu kama mtu anayeshika muhindi wa kuchoma, akaichana, akaanza kutoa mbegu moja moja. Mama mkubwa akaniona. «Weye mutoto, acha! Utamuunguza!» Nikampokonya ile pilipili, na ili kumbembeleza nikampa kipande cha avoka kilichobaki kwenye sahani. Kwa hilo hakuna aliyenikemea. Kasuku alikishika, akakinusanusa kwa mdomo, kikamponyoka na kuanguka chini. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba siku ile ndege yule aliponea kwenye kucha zake.

Jibu sahihi ni kinyume cha nililokuwa nalo. Pilipili haimuwashi kasuku hata kidogo. Avoka inaweza kumuua ndani ya siku 2.

Kosa letu lina mizizi, na nataka kuichimba taratibu, kwa sababu ndiyo inayoendelea kuua ndege. Mzizi wa kwanza ni kupima mdomo wa mnyama kwa ulimi wetu. Kinachotuchoma tunakiita hatari, na kilicho laini na kitamu tunakiita salama. Avoka tunawapa watoto wachanga wanaoanza kula. Nani angefikiri kwamba chakula cha mtoto asiye na meno ni sumu kwa ndege anayepasua ngazi (matunda ya mchikichi) kwa mdomo?

Mzizi wa pili umezama zaidi, nao ni ule msemo kwamba ndege wa pori anajua chakula chake. Kasuku wa kijivu, ambaye wanasayansi humwita Psittacus erithacus, kwao ni misitu ya Afrika Magharibi hadi bonde la Kongo. Huko anakula ngazi, mbegu, maua na matunda ya miti ambayo wazazi wa wazazi wake waliizoea tangu zamani zisizohesabika. Avoka haikuwemo katika misitu hiyo. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na pilipili nayo ilitoka Amerika. Zote mbili zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Sisi tumezizoea hata tukadhani ni za babu zetu, lakini kwa ukoo wa kasuku karne 5 ni jana. Mbele ya avoka, kasuku ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

Tena kasuku ni ndege wa kundi, na mtoto hujifunza mengi kwa kutazama wakubwa wakila. Aliyetolewa kwenye tundu la mti kabla manyoya hayajakomaa, akapitishwa kwenye kikapu hadi mjini, hakupata darasa hilo. Mwalimu wake ni sisi. Anataka kile anachotuona tunakila, na ndiyo maana kumwacha achague mwenyewe si kumheshimu.

Halafu kuna wale wanaosema: «Sumu iko kwenye kokwa, nyama haina neno.» Nililiamini hili hata baada ya kusikia kwamba avoka ni hatari. Sumu ya avoka inaitwa pesini. Ipo kwenye majani, kwenye gome la mti, kwenye ganda, kwenye kokwa, na kwenye nyama yenyewe pia. Majani ndiyo makali zaidi, lakini mwaka 1989 wataalamu wa mifugo wa Marekani walichapisha jaribio ambamo kasuku wadogo wa Australia na ndege wa kanari walilishwa avoka iliyopondwa, na baadhi yao walikufa kabla ya siku 2 kwisha.

Na yule anayesema, «Wangu anakula avoka kila siku, yuko mzima»? Simwiti mwongo. Kiasi cha pesini hutofautiana kati ya aina na aina ya avoka, na zile za asili ya Guatemala ndizo zilizotajwa zaidi katika visa vya sumu. Sasa nenda Birere au soko la Virunga umwulize mama muuzaji avoka zake ni za aina gani. Atakuambia zimetoka Rutshuru au Masisi, kubwa bei hii na ndogo bei ile. Kupona kwa ndege wa jirani ni ushahidi wa avoka ile moja, na hakukuambii lolote kuhusu hii uliyoshika mkononi. Hapa nikiri pia kwamba majaribio yaliyofanywa ni machache, mengi kwa ndege wadogo, na hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kusema gramu hizi salama, gramu hizi hatari kwa kasuku wa kijivu. Kinachotuongoza ni hayo majaribio, na visa vya madaktari wa ndege. Kasuku ana gramu 400 hivi. Kipande cha gramu 20 kwake ni sawa na kilo 3 kwa mtu wa kilo 60.

Sasa turudi kwenye pilipili, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe linapopendeza.

Kwenye ncha za mishipa ya fahamu mdomoni mwetu kuna protini inayoitwa TRPV1. Ichukulie kama geti la parsele (kiwanja cha nyumba) lenye zamu, yaani mlinzi. Kazi ya zamu ni moja: joto likipita nyuzi 43 hivi, afungue geti na kupiga kelele, «Moto!» Geti likifunguka, chembe za kalsiamu na sodiamu humiminika ndani, mshipa unashtuka, na kelele inafika kwenye ubongo. Chai ikikuunguza, ni zamu huyo anafanya kazi yake.

Kitu kinachofanya pilipili iwashe kinaitwa kapsaisini. Hakina joto lolote. Ila umbo lake linaingia kwenye kufuli la geti lile lile, kama ufunguo wa bandia uliochongwa na fundi hodari. Geti linafunguka, zamu anapiga kelele, na ubongo, ulioko mbali kama mwenye nyumba aliyelala chumba cha nyuma, hauwezi kujua kwamba hakuna moto. Jasho linakutoka, machozi yanakutoka, na ulimi hauna hata lengelenge moja. Zaidi ya hapo, tundu la ufunguo liko upande wa ndani wa geti. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inapenya ukuta wa seli, ambao ni wa mafuta, na kulifikia kwa ndani. Ndiyo maana kunywa maji baada ya pilipili hakusaidii kitu.

Geti hili lilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko San Francisco. Yeye na Ardem Patapoutian walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi zao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Lakini swali letu la ndege lilijibiwa mwaka 2002, pale Julius na Sven-Eric Jordt walipochukua geti la kuku na kulilinganisha na la panya. La kuku lilifunguka kwa joto vizuri kabisa. Walipolimiminia kapsaisini, kimya. Zamu yupo, macho anayo, moto wa kweli anautambua. Kilichobadilika ni meno machache tu ndani ya kufuli, na ule ufunguo wa bandia haushiki. Walipohamisha sehemu ya geti la panya na kuipandikiza kwenye la kuku, kapsaisini ikaanza kulifungua. Najua, huyo alikuwa kuku, hakuwa kasuku. Ila ndege wa koo nyingi, kasuku wakiwemo, huonekana wakila pilipili bila wasiwasi, na kila mwenye kasuku ameliona hilo kwa macho yake. Lakini joto la kweli analihisi, kwa hiyo usije ukampa uji wa moto ukidhani mdomo wake hauungui. Unaungua kama wako.

Mti wa pilipili unapata nini kwa mpango huu? Mwaka 2001, Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walichunguza pilipili za mwituni huko Arizona. Panya walizikwepa, ndege walizila. Walipolisha wanyama hao pilipili isiyowasha, mbegu zilizopita kwa panya hazikuota, zilizopita kwa ndege ziliota. Ukali ni mlinzi wa mbegu: unamfukuza mwenye meno na kumwacha mwenye mabawa. Kasuku, hata hivyo, hana sehemu katika mapatano hayo, maana anazivunja mbegu kwa mdomo wake. Anafaidi kufuli lililochongwa kwa ajili ya ndege wote, na mti haupati kitu.

Na avoka? Avoka haiwashi mdomoni. Watu wa Goma hawahitaji mfano wa mbali hapa, kwa sababu tunaijua mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde upande wa Sake. Haina moshi, haina harufu, haichomi. Asubuhi unakuta mbuzi amelala pale, huoni jeraha. Pesini inaingia hivyo. Inaharibu misuli ya moyo, moyo unashindwa kusukuma damu, maji yanajaa kifuani. Ndege anaanza kujivimbisha manyoya, ananyamaza, anashuka sakafuni mwa tundu, anahema kwa kuvuta mkia juu na chini. Dalili hizo mara nyingi huonekana saa 12 hadi 24 baada ya kula, wakati mwenye nyumba ameshasahau kipande kile. Dawa ya kuitengua haipo. Daktari anaweza tu kumsaidia apumue na kumpunguzia maji mwilini. Ukimwona ameidokoa, usingoje dalili, mpeleke kwa mganga wa mifugo saa hiyo hiyo ukamweleze ameila lini na kiasi gani.

Matunda mengine ya kwetu hayana shida kubwa. Papai, embe, pera, marakuja, nanasi zinazoletwa na mitumbwi ya Idjwi hadi Kituku, ndizi mbivu kidogo: vyote anaweza kula, na mbegu za papai na pera zake ziwe humo humo. Mbegu za pomme (tufaha) zitoe, kwani kasuku atazipasua, na zikipasuka hutoa sianidi. Ni sababu hiyo hiyo inayotufanya tutwange sombe (majani ya muhogo) na kuichemsha muda mrefu. Usimpe jani la muhogo bichi. Osha kila tunda kwa maji yale yale unayokunywa wewe, maana vumbi jeusi la barabara zetu huganda kwenye maganda. Masalio yatoe baada ya saa chache, kabla hayajachacha.

Tunda liwe sehemu ndogo ya chakula chake, kwa kuwa lina sukari nyingi. Mboga kama karoti na lengalenga (mchicha) ziwe nyingi zaidi. Kasuku anayelishwa karanga, mahindi na alizeti tu hukosa vitamini A, na kasuku wa kijivu hukosa pia kalsiamu hadi akatetemeka na kuanguka. Papai na embe vina kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini, ngazi nazo zinacho, na pilipili nyekundu inacho kwa wingi. Kile nilichompokonya siku ile kilikuwa dawa.

Siandiki haya ili mtu akanunue kasuku. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotekwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu misitu yetu inaishiwa nao, na kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kinachojulikana kwa sokwe, hupokea pia kasuku waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Nawaandikia walio nao tayari, kwani ndege huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, akarithiwa kama nyumba.

Wa mama mkubwa yuko hai. Sasa anakaa kwa dada yangu, Himbi. Anapewa pilipili mbichi mara 2 kwa wiki, nyekundu, na anaanza kupiga mluzi akisikia tu bakuli linaoshwa. Avoka inaliwa ndani, mbali na tundu lake, na watoto wananawa mikono kabla ya kwenda kumsalimia.