Je, wajua kwa nini vichwa vya treni vya dizeli vilianzia kwenye mabohari, si kwenye safari ndefu?

Gari la moshi la Bububu lilianza kazi Unguja mwaka 1905. Kampuni ya Kimarekani ndiyo iliyoijenga reli yake, kutoka karibu na Ngome Kongwe, ikipenya njia nyembamba za mjini, maili saba hadi Bububu. Kichwa chake kilikuwa cha mvuke, na anayezijua njia zetu atakisia moshi ule uliingia kwa nani.

New York kero hiyo ilikuwa kubwa zaidi, hata mwaka 1923 ikapitishwa sheria ya kuziondoa injini za mvuke katika reli za mji. Njia kuu zingeweza kuwekewa nyaya za umeme. Lakini nani agharimie nyaya kwa kila kipande cha reli kinachoishia mlangoni mwa bohari moja?

Huko Bronx, sehemu ya jiji hilo la New York, kampuni ya Central Railroad of New Jersey ilikuwa na yadi isiyoungana na reli zake nyingine. Mabehewa yalivushwa kwa tishari, kama mzigo wetu utokao Dar. Mwaka 1925 yadi hiyo ikapata kichwa cha dizeli nambari 1000, tani 60, nguvu za farasi 300 tu. Kilifanya kazi hadi 1957, na sasa kimo makumbusho mjini Baltimore.

Farasi 300! Malori mengi ya kontena yana zaidi. Ila kichwa cha sogeza, yaani cha kusogeza na kupanga mabehewa yadini, hakina haraka, na kwa nguvu ileile ya injini, mwendo ukipungua mvuto huongezeka. Tena gurudumu la chuma juu ya chuma ni jepesi: kwenye tambarare, tani moja ya mzigo huburuzwa kwa mvuto wa kilo chache. Shida ni kwamba injini ya dizeli haiwezi kuanza na mzigo ikiwa imesimama. Kwa hiyo huachiwa izungushe jenereta, na umeme wake huendesha mota zilizo kwenye ekseli. Mota hizo huvuta kwa nguvu zaidi pale pale zinapoanza.

Kwa maoni yangu, sheria ilifungua mlango tu. Kilichoibakisha dizeli ni kungoja. Sogeza ni kazi ya kungoja: behewa lipakiwe, geti lifunguliwe. Mvuke huwashiwa moto saa kadhaa kabla, na hula makaa hata umesimama. Dizeli huzimwa.

Safari ndefu zilitaka maelfu ya farasi, na dizeli za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Hilo lilianza kutatuliwa miaka ya 1930.