Je wajua yule adui wa James Bond mwenye kofia alijifunzia wapi kuigiza?

Kama umewahi kuangalia Goldfinger, ile movie ya jasusi James Bond ya 1964, yule baunsa wa bosi mbaya lazima unamkumbuka, jamaa kibonge kavaa suti na kofia nyeusi ngumu, anairusha kofia kama sahani inakata kichwa cha sanamu ya mawe. Anaitwa Oddjob. Ni bubu, movie nzima ni kuguna "ah, ah" na kutabasamu tu, na bado kuna watu bosi wake wamemsahau ila yeye hawajamsahau. Na hakuwa msanii! Sasa ilikuwaje akaiweza kazi hivyo?

Jibu ni mieleka, ila tuanze mbali kidogo. Jina lake Harold Sakata, la kuzaliwa Toshiyuki, mtoto wa Wajapani waliohamia Hawaii, kazaliwa 1920 sehemu inaitwa Holualoa. Ujana wake alikuwa kimbaumbau, kilo 51 hivi, akaona wenzie wamejazia vifua naye akaanza kunyanyua vyuma. Vyuma vikamkubali kwelikweli, Olimpiki ya London 1948 akachukua medali ya fedha uzito wa kilo 82.5, akiwa amenyanyua jumla ya kilo 380. Dhahabu alichukua Mmarekani mwenzie, Stanley Stanczyk, kilo 417.5, yaani aliachwa mbali sana, lakini medali ni medali.

Shida medali hailiwi. Akaingia mieleka ya kulipwa, ile ya shoo ambayo mmoja anacheza mwema na mwingine mbaya, kwa jina la Tosh Togo na hapo ndo shule yenyewe ilipoanza. Vita vya Pili vilikuwa vimeisha juzijuzi tu, Wamarekani bado wana kinyongo na Pearl Harbor, kambi yao ya Hawaii iliyoshambuliwa na Wajapani, mapromota wakaona mtu mwenye sura ya Kijapani ni hela, mpandishe ulingoni ainame kwa heshima zote halafu amvamie mwenzie kabla hajajiandaa, au amtupie chumvi machoni, ukumbi mzima unalipuka kwa hasira. Na huyu ndo yuleyule aliyewaletea medali, mi hapo huwa nacheka.

Ukiifikiria vizuri hiyo kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana yule aliyekaa siti ya mwisho uso wako haoni vizuri na maneno yako hasikii, lazima ajue we ni mbaya kwa unavyotembea tu, unavyogeuza shingo, unavyotabasamu mwenzio akiwa chini. Ukizomewa ujue umefaulu. Sakata alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka Japani alienda 1951 na kundi la wanamieleka wa Marekani, na safari hiyohiyo ndo akakutana na Rikidozan, mcheza sumo (mieleka ya jadi ya Kijapani) wa zamani aliyekuja kuwa baba wa mieleka ya Japani. Cha kuchekesha zaidi, Rikidozan shujaa wa Wajapani alikuwa mzaliwa wa Korea, na Oddjob kwenye movie ni Mkorea anayechezwa na mtu mwenye damu ya Kijapani.

Kwa hiyo mwongozaji wa Goldfinger, Guy Hamilton, alipomwona akipigana mieleka, alikuwa anamwona adui aliyeiva tayari. Kuna sehemu kwenye uwanja wa gofu, Oddjob anashika mpira anauminya mpaka unasagika mkononi, huku katulia kama anamenya karanga. Hiyo haihitaji neno hata moja.

Halafu kile kifo chake, kofia imenasa kwenye nondo, anaenda kuichomoa, Bond anaziunganisha na waya wa umeme, cheche tupu. Pale mkono wa Sakata uliungua kweli wakati wa kushuti, na hakuachia mpaka aliposikia "kata". Wengine wangeruka wakapiga kelele, ila mtu wa ulingoni kazoea kuumia na shoo ikaendelea.

Baada ya hapo akacheza movie na vipindi kadhaa vya TV ikiwemo Gilligan's Island, na jina la Oddjob akaligeuza lake, kwenye majina ya waigizaji akawa anaandikwa Harold "Oddjob" Sakata. Alifariki Honolulu 1982. Ila kabla ya hapo Wamarekani walimwona sana kwenye tangazo moja la dawa ya kikohozi, yuko nyumbani kwake, kikohozi kinamshika, na kila akikohoa anavunja kitu, mpaka mkewe anakuja na chupa ya dawa.