"Mbona inafunguka?" si ushahidi kwamba diski ni nzima

Mteja huja na dawa mkononi kabla sijauliza ugonjwa: "Fundi, nipigie Windows upya, laptopu imekuwa nzito." Nzito wakati gani? "Nikichomeka diski ya nje." Ukichomoa? "Inakimbia vizuri." Sasa Windows imekosa nini hapo? Nikitaja kwamba huenda diski ndiyo mgonjwa, nakatizwa: "Haiwezi kuwa mbovu, mbona inafunguka?"

Gari lisilo na breki nalo huwaka.

Diski ya sahani (HDD, ile yenye sahani zinazozunguka ndani) mara nyingi haifi ghafla kama balbu. Huanza na sekta chache, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zisizosomeka. Kichwa cha kusomea kikifika hapo kikakosa data, diski haikubali kushindwa mara moja; inarudia kusoma tena na tena, kwa sekunde kadhaa au zaidi, na muda wote huo kompyuta imekaa inasubiri jibu. Dirisha la mafaili linaganda, na kila programu iliyoomba kitu kwenye diski hiyo inaganda nalo. Prosesa haina kazi, wewe unasema mashine imezeeka. Fungua Task Manager: diski ya nje ikiwa imeshikilia asilimia 100 huku kasi ikiwa kilobaiti chache tu, umeshampata wa kumhoji.

Kisha soma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu ya CrystalDiskInfo au smartctl. Mimi hukimbilia mistari miwili: 05, sekta mbovu ambazo data yake imekwisha kuhamishiwa sekta za akiba, na C5, sekta ambazo diski inazitilia shaka. (CrystalDiskInfo huandika thamani ghafi kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16, na baadhi ya makasha ya USB hayapitishi SMART kabisa, kukosa taarifa si cheti cha afya.) C5 ikizidi sifuri, nakili mafaili yako leo, ukianza na yale ambayo hayako kwingine. Usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, nakuomba. Amri hiyo inaisomesha diski nzima, sekta kwa sekta, na iliyo mahututi inaweza kukata roho katikati. Kufomati kwa haraka nako hakutibu sekta yoyote. Kunafuta tu orodha ya mahali mafaili yalipo.

"Basi ni virusi." Inawezekana, ila mara nyingi zaidi nakuta ni antivirusi yenyewe inayopekua mafaili laki moja ya picha, au Windows inayatengenezea faharasa, orodha ya kurahisisha utafutaji. Iondoe diski kwenye orodha ya faharasa uone.

"USB zote ni sawa." Hapana. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa kazi halisi utapata megabaiti 30 hadi 40. USB 3.0 inafika gigabiti 5. Umeme nao: miliampia 500 dhidi ya 900. Diski iliyochomekwa kwenye habu (kigawanyaji cha matundu ya USB) isiyo na chaja yake huweza kuzima na kuwaka, na kila mara kompyuta inaitambua upya. Badilisha kebo kwanza, uweke fupi, uchomeke moja kwa moja kwenye mashine. Kebo mbovu zimeshaniaibisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuweka diski kwenye friza? Unyevu utaganda juu ya sahani. Acha.

Kuna na uzito usio ugonjwa. Diski iliyolala huchukua sekunde kadhaa kuamka, ndiyo maana dirisha la kuhifadhi faili linasita mara ya kwanza. Nyingi za kubebeka pia hurekodi kwa mtindo wa SMR, mistari ya data kwenye sahani ikilaliana kama vigae. Ukinakili mzigo mkubwa kasi inaporomoka katikati, kisha inarudi ukiipa nafasi ya kupumua.

Na kama kompyuta inachelewa kuwaka tu diski ikiwa imechomekwa, ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, ishushe USB chini ya diski ya ndani kwenye mpangilio wa kuwashia. Dakika mbili. Hiyo hata kukutoza naona haya.