Ombi la asinkroni: "nimepokea" si "nimemaliza"

Mteja yuko kwenye duka la mtandaoni Kenya, amechagua viatu, amebonyeza "Lipa". Simu yake inaleta ujumbe wa M-Pesa unaomtaka aweke PIN. Huenda simu iko chumba cha pili, au anahesabu kwanza salio lake. Je, seva ya duka ishikilie muunganisho muda wote huo? Ikishikilia, muunganisho unaweza kukatika kwa kukaa kimya mno, na duka lisijue kama pesa imelipwa au la.

Ndiyo maana Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom (yaani njia ya programu za nje kuwasiliana na M-Pesa), haimsubiri mteja. Duka likituma ombi la STK Push, lile linaloleta ujumbe wa PIN kwenye simu ya mteja, hujibiwa papo hapo kwa namba ya ombi, CheckoutRequestID, pamoja na ResponseCode yenye 0. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. Matokeo huja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ambayo duka lilitaja ndani ya ombi: ResultCode 0, amelipa, 1032, ameghairi. Tafadhali usichanganye sifuri hizi mbili. Anayeichukulia ya kwanza kuwa malipo atatoa viatu bure.

Mtindo huu wa kupokea kazi, kutoa namba na kuleta matokeo baadaye ndio huitwa asinkroni. HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, ina msimbo wake kwa hali hiyo, 202: ombi limekubaliwa, kazi haijaisha, na wala hakuna ahadi kwamba itafaulu. Seva huambatisha anwani ya kuulizia hali ya kazi, na kwa kichwa cha jibu kiitwacho Retry-After inaweza kutaja sekunde za kungoja kabla ya kuuliza.

Kutumiwa matokeo peke yake hakutoshi. Seva ya duka ikizimika dakika moja tu, taarifa inaweza kupotea ilhali mteja keshalipa. Kwa hiyo duka liulize lenyewe, na Daraja inaruhusu kuuliza kwa namba ileile. Taarifa ikifika mara mbili, ihesabiwe mara moja.

Pagumu zaidi ni pale mtandao unapokatika kabla duka halijapata namba. Likirudia ombi, mteja anaweza kuombwa PIN tena, na kulipa mara mbili. Unapobuni API yako, mruhusu mtumaji aambatishe ufunguo wake mwenyewe, yaani alama ya kipekee ya ombi hilo, asiubadilishe anaporudia. Seva ikiuona tena ufunguo huo, irudishe namba ya mwanzo, isianzishe kazi mpya.