Mwale wa antena hugeuka hata antena isipogeuzwa

Hapa Moshi bado wapo wengi, mafundi kwa wateja, wanaoamini kuwa mwale wa antena, yaani upande ambako antena hurusha au hupokea mawimbi kwa nguvu zaidi, haugeuki mpaka chuma chenyewe kigeuzwe kwa mkono au kwa mota. Sivyo.

Tazama mapaa ya Majengo au Pasua. Utaona dishi moja lenye LNB mbili (LNB ni kifaa cha kupokea mawimbi kinachofungwa mbele ya dishi), kila moja na setilaiti yake. Dishi halisogei, mawimbi ya setilaiti ya pili hukusanyika pembeni kidogo, na ndipo LNB ya pili ilipofungwa.

Lenzi ya Rotman, iliyoelezwa na Walter Rotman na R. F. Turner mwaka 1963, huenda mbali zaidi, na kwangu ni kazi ya akili kubwa. Ni bapa jembamba. Upande mmoja una milango kadhaa ya kuingizia mawimbi, upande wa pili una nyaya ziendazo kwenye safu ya antena ndogo. Tumia mlango wa kati: antena zote hupata mawimbi kwa pamoja, mwale unakwenda mbele moja kwa moja. Hamia mlango wa kushoto: antena za kushoto hupata mapema, za kulia huchelewa kidogo, na mwale unaelekea kulia. Kwa kuwa kinachotofautiana ni muda wa safari, ukibadili masafa ya mawimbi (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mwale haupotezi uelekeo.

Lenzi yenyewe haitumii umeme. Unaohitajika ni wa swichi ya kuchagua mlango. Wala haiongezi nguvu ya mawimbi. Kiasi fulani hupotea humo ndani.